Nimesomea ubongo miaka kumi, sasa naitwa kuongoza utafiti wa saratani

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, leo nimepata ujasiri wa kuleta langu. Mimi ni mzaliwa wa Arua, Uganda, nina miaka 38, ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Baba alikuwa askari magereza, mama akilima tumbaku. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye tumbaku ile, msimu kwa msimu. Nilisoma mpaka nikapata ufadhili wa kwenda Ulaya, nikarudi na shahada ya uzamivu ya sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kijijini wananiita daktari wa vichwa. Utafiti wangu ulihusu kifafa cha watoto, na kwa miaka miwili nilikaa Kitgum na Pader nikifuatilia watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa. Sasa nafundisha katika chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa nchi, nina maabara ndogo ambayo nusu ya vifaa vyake nimevipata kwa kuomba huku na huku.

Mwezi uliopita nilipokea barua. Mradi wa utafiti wa saratani za watoto, unaoziunganisha Uganda, Kenya na Tanzania pamoja na vyuo viwili vya Ulaya, unatafuta mkurugenzi. Sikuomba kazi hiyo. Aliyenitaja ni mtu aliyeniona nikiendesha mikutano kule Kitgum, wazazi wenye hasira upande huu, madaktari upande ule, wafadhili katikati. Kazi yenyewe ni kukaa Kampala, kwenda na kurudi Kisumu na Mwanza, na kuwaweka meza moja madaktari, watu wa maabara, watu wa takwimu na familia za wagonjwa. Miaka mitano. Mshahara ni karibu mara mbili ya wa sasa.

Mama, sijui la kufanya. Katika kikao cha kufahamiana, daktari mmoja mkubwa alisema mbele yangu: "Tunahitaji mtu wa saratani. Huyu dada ni wa kifafa." Watu wakacheka, nami nikacheka ili yaishe, lakini usiku sikulala. Sikulala kwa sababu ni kweli. Mimi si tabibu, sijawahi kumwandikia mgonjwa wa saratani hata kidonge. Na Profesa aliyenilea, aliyeniandikia barua zote za mapendekezo, nilipomweleza alinyamaza, halafu akauliza: "Basi ubongo unamwachia nani?" Tangu siku hiyo hajanipigia simu.

Liko jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Zamani, kwenye mradi mmoja kule Kitgum na Pader, nilikusanya damu ya watoto zaidi ya mia mbili kwa mikono yangu. Sampuli zikapanda ndege. Miaka mitatu baadaye nikakuta makala yake kwenye intaneti, kama msomaji mwingine yeyote. Jina langu lilikuwa chini kwenye shukrani, tena limekosewa herufi. Wazazi wa watoto wale wakiniona sokoni bado wananiuliza majibu ya damu yalisemaje. Sina la kuwaambia. Naogopa kwamba safari hii mimi ndiye nitakayewafanyia wengine vilevile.

Mume wangu anasema niamue, yeye yuko nyuma yangu. Mama yangu anasema, "Kansa ndiyo iliyomchukua shangazi yako, nenda." Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Nikubali? Na nikikubali, miaka mitano ikiisha nitakuwa nani?

Ni mimi, Binti wa Arua

*

Marahaba, mwanangu.

Nikupe jibu mapema usije ukalitafuta mpaka chini: kubali. Ila usitie sahihi mpaka habari ya sampuli iwe imeandikwa kwenye karatasi na nchi zote tatu zimeisoma. Hiyo sahihi ndiyo silaha pekee uliyo nayo, na ukishaitoa huna nyingine.

Nasema hivi kwa sababu nimekaa miaka 22 katika ofisi za miradi ya utafiti hapa Kampala, nikiandika bajeti, kumbukumbu za vikao na barua za kuomba radhi. Nimeona miradi ikifa. Hakuna hata mmoja niliouona ukifa kwa sababu kiongozi wake hakuijua biolojia ya seli. Ilikufa kwa sababu wa nchi moja walikaa miezi minane bila kulipwa huku wa nchi nyingine wakihudhuria mikutano hotelini. Ilikufa kwa sababu mtu alichapisha takwimu za wenzake bila kuwauliza. Ilikufa kwa sababu nesi aliyekuwa akiwashawishi akina mama wakubali mtoto achomwe sindano hakuwahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja. Wanaokuita hawakukuita kwa kuwa wameishiwa na madaktari wa saratani. Walikuona Kitgum umesimama kati ya watu wenye hasira na hukukimbia.

Sasa huyo daktari na kicheko chake. Ningekuwepo ningemwomba, kwa heshima, atueleze ugonjwa ambao mradi wenu bila shaka utauanza, yaani limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto, uligunduliwa na mtu wa nini. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji wa kila siku, Mwairishi, mwenye jicho moja tangu utotoni, aliyeanzia mji wa Lira kisha akaja hospitali ya Mulago hapa Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amtazame mtoto aliyevimba mataya. Baada ya majuma machache, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake nje, uso umevimba vilevile. Mtu wa saratani angekimbilia darubini. Yeye aliuliza swali la msafiri: ugonjwa huu uko wapi na haupo wapi? Akatuma karatasi zenye picha kwa hospitali za Afrika nzima. Mwaka 1961 akaingia barabarani na wenzake wawili kwa gari kuukuu, majuma kumi, karibu kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa bara na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walirudi na ramani, na ramani ile ikaonyesha kwamba uvimbe ule unapenda mahali penye joto na mvua nyingi, palepale penye malaria kali.

Na mmoja wa wale wawili ungepaswa kujivunia. Ted Williams alikuwa daktari wa Kuluva, hapo nje ya Arua kwenu. Daftari zake za wagonjwa zilitunzwa kwa uangalifu kiasi kwamba baadaye, alipokaa na watu wa takwimu, waliweza kuonyesha kuwa wagonjwa wa eneo lenu la West Nile walikuwa wakitokea kwa makundi, mahali pamoja na wakati mmoja. Hospitali ya misheni kijijini, daftari la mkono, na mtu aliyekubali kuwapa wengine alichokuwa nacho. Ndiyo kazi unayoitiwa. Mtoto wa Arua hawezi kuambiwa ni mgeni humo.

Lakini nataka uitazame hadithi hiyohiyo kwa upande wa pili, kwa sababu ndipo lilipo donda lako. Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, aliyehisi kwamba huenda kuna virusi nyuma ya uvimbe ule. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi London. Siku moja ukungu uliizuia ndege ikaelekezwa Manchester, sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamekuwa kama tope. Wengi wangeitupa. Epstein alitazama tone lake akaona seli hai zinaelea, na kutoka hapo wakajua namna ya kuziotesha. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ulimwengu mzima umenufaika, na mimi nafurahi. Hata hivyo jina la Burkitt liko kwenye ugonjwa, ya Epstein na Barr yako kwenye virusi, na mtoto yule wa nyasini Jinja hakuna anayemjua wala anayejua kama mama yake aliwahi kurudishiwa neno. Sheria za leo hazikuwepo, simlaumu mtu. Wewe unaanza leo, na zipo.

Kwa Uganda unajua: kamati ya maadili kwanza, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na sampuli haivuki mpaka bila mkataba wa kuhamisha sampuli. Kenya utakutana na NACOSTI, tume yao ya sayansi, na Tanzania na NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, pamoja na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Weka kwenye bajeti mtu mmoja ambaye kazi yake ni vibali tu, maana kibali cha nchi moja kikichelewa, nchi tatu zinasimama. Lakini vibali havitoshi, mwanangu, na damu yako ile ya watoto mia mbili huenda ilivuka ikiwa na vibali vyote. Kinachokosekana huwa ni mambo ambayo watu wanaona haya kuyaandika mwanzoni, wakati bado wanachekeana. Friji iko wapi na ufunguo anao nani. Sampuli inaulizwa swali gani, na likizuka swali jipya inarudi kwa kamati au hairudi. Nani jina lake linatangulia kwenye makala ya kwanza, nani kwenye ya pili, na je, makala inaweza kutoka bila mwandishi wa nchi ambako damu ilichukuliwa? Mwanafunzi wa Mwanza atasoma shahada ya uzamivu kwa takwimu hizi au atabaki kubeba masanduku ya barafu? Familia itapata majibu lini, kwa lugha gani, kutoka kwa nani? Andika hayo kabla ya tyubu ya kwanza kujazwa. Vyuo vya Ulaya vikisema "tutaelewana mbele ya safari", jibu lako ni kwamba na sahihi utaitia mbele ya safari.

Hutakuwa wa kwanza kupita njia hii ya nchi tatu. Kati ya mwaka 2010 na 2016 utafiti wa EMBLEM ulifuatilia limfoma ya Burkitt Uganda, Kenya na Tanzania. Kabla hujamtembelea profesa yeyote, watafute manesi na waratibu waliofanya kazi hiyo, uwaulize barabara zipi hukatika wakati wa mvua na wazazi walikuwa wakikataa kwa sababu gani. Wanunulie chai, uwe na daftari.

Juu ya kwa nini tuhangaike na nchi nyingi, nina mfano ninaoupenda. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, inawaua watu wengi upande huu wa Afrika Mashariki, na katika nchi nyingine ni nadra. Watafiti walisoma jeni zote za uvimbe 552 kutoka nchi 8, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwemo, wakidhani watakuta alama ya sumu fulani inayotofautisha sehemu zenye wagonjwa wengi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: alama zilifanana karibu kila mahali. Jibu hilo liliwashangaza, likawalazimu kulitafuta chanzo kwa njia nyingine. Hospitali moja peke yake isingeweza hata kuuliza.

Sasa swali la nani utakuwa. Hapa Profesa wako na yule daktari wamekosea jambo moja: wote wawili wanadhani ubongo na saratani ni mashamba mawili yenye uzio katikati. Rita Levi-Montalcini alikuwa mtu wa neva, Mwitalia wa Kiyahudi, ambaye sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilimnyima kazi chuoni, akafanya utafiti wa viinitete vya kuku chumbani kwake wakati wa vita. Baadaye, huko Marekani, kilichomfungulia njia ni uvimbe wa saratani wa panya. Ukipandikizwa kwenye kiinitete cha kifaranga, neva ziliota kwa wingi kuuelekea, kana kwamba zimeitwa. Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro na panya wenye uvimbe huo, kwa sababu huko alikuwa na rafiki mwenye maabara ya kuotesha seli. Kutoka kwenye uvimbe ule ikapatikana kemikali inayokuza neva. Mwenzake Stanley Cohen akaendelea akapata nyingine inayokuza ngozi na tishu nyinginezo, na leo kipokezi chake kwenye seli kinalengwa na dawa za saratani ya mapafu. Walipata Nobel pamoja mwaka 1986. Rita naye alikuja kuongoza taasisi nzima ya biolojia ya seli Roma.

Na mwaka 2019 makala tatu katika jarida la Nature zilionyesha kwamba seli za saratani ndani ya ubongo zinajiunganisha na seli za neva na kunufaika na ishara zake, zikazidi kukua. Umeme ule ule uliokuwa ukiufuatilia kwenye kifafa, mwanangu.

Lakini hata Nature tuiache. Ingia wodi yoyote ya watoto wenye Burkitt. Utamkuta mtoto aliyekuja hatembei, kwa sababu uvimbe umebana uti wa mgongo. Utamkuta mwingine anayechomwa dawa mgongoni ili saratani isiingie kwenye ubongo. Wote wanapewa vinkristini, dawa nzuri inayoponya, na inayoumiza neva za miguu na mikono kwa kuwa inavuruga njia ndogo ambazo neva husafirishia vitu vyake. Mtoto anapona saratani huku akikokota mguu, au hawezi kufunga kifungo cha shati. Nani anampima neva zake kabla ya dawa na baada ya dawa? Wewe unajua kumpima. Na maumivu je? Uganda ina jambo la kujivunia hapo: Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, ilianza mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 manesi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini. Maumivu ni somo lako tangu mwaka wa kwanza wa chuo.

Kwa hiyo yule daktari wa "huyu dada ni wa kifafa" usimjibu kikaoni. Nenda wodini kwake. Mwombe akuruhusu kufuata raundi zake kwa miezi mitatu ya mwanzo, asubuhi mbili kwa wiki, ukiwa nyuma na daftari kama mwanafunzi. Keti kwenye vikao vyao vya kujadili wagonjwa usiseme neno mpaka uulizwe. Usijifanye unajua dozi. Uliza ni watoto wangapi walioacha matibabu katikati na kwa nini, maana nauli ya kurudi hospitali huua kama saratani, na huko kwenye nauli na kulala ndipo utakapoona mradi wako unaweza kuwasaidia. Nimewaona wakubwa wengi wenye ulimi mkali wakilainika kwa mtu anayekuja saa moja asubuhi na kuwajua wagonjwa kwa majina.

Mshahara wa mara mbili ni mzuri, chukua, ila chuoni omba likizo bila malipo badala ya kujiuzulu. Na kwenye mkataba mpya idai siku moja kwa wiki ya maabara yako. Wakikunyima siku hiyo ujue wanatafuta karani mwenye cheo. Safari za Kisumu na Mwanza zipange na mume wako kwenye kalenda ya mwaka mzima, shule za watoto zikitangulia. Anayesema "niko nyuma yako" mpe tarehe, atajua namna ya kusimama.

Kuhusu wale wazazi wa Kitgum na Pader: hukuiba kitu, lakini deni lao liko mkononi mwako kwa sababu ni uso wako wanaoujua. Waandikie walioongoza mradi ule uombe muhtasari wa matokeo kwa lugha nyepesi. Wakikubali, kaupeleke mwenyewe na mfasiri wa Kiacholi. Wasipojibu, nenda vilevile, uisome makala ile, uwaeleze inasema nini. Fanya hivyo kabla hujaanza Kampala. Utaongea tofauti kabisa mezani siku ya kujadili ule mkataba wa sampuli.

Amebaki Profesa. Usimtumie ujumbe wa simu. Panda basi uende ofisini kwake, umpe shikamoo yako kama siku zote, na usijitetee. Swali lake la ubongo unamwachia nani lina uchungu wa mzee aliyewasomesha wengi na akawaona wakiondoka mmoja mmoja. Mpelekee kazi: mwambie una watoto watakaopewa vinkristini katika nchi tatu, unataka neva zao zipimwe tangu siku ya kwanza, na unahitaji mtu wa kukuandalia vipimo na kuwafundisha vijana wawili wa kuvifanya. Kisha nyamaza, umwache afikiri. Nenda wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi.